Wimbo Ulivyopata Maandishi: Kufundisha Historia ya Muziki wa Ulaya katika Shule ya Msingi

Katika wiki ya tatu ya mazoezi yangu ya kufundisha, miaka mingi iliyopita, nilipewa kipindi cha muziki katika darasa la sita. Niliandika andalio la somo lililonipendeza mimi mwenyewe. Niliujaza ubao majina na miaka: Palestrina, Bach, Haydn, Mozart, Beethoven; huyu alizaliwa lini, yule alifariki lini. Wanafunzi walinakili kwa utulivu mkubwa, nami niliuchukua utulivu ule kuwa dalili ya kuelewa. Zilipobaki dakika kumi, msichana mmoja alinyoosha mkono akasema, "Mwalimu, samahani. Huyo Bach, wimbo wake unaimbwaje?" Sikuweza kumwimbia hata mstari mmoja. Mkufunzi wangu, aliyekuwa ameketi nyuma ya darasa, aliandika jambo katika daftari lake, na jioni akanisomea: kipindi kizima cha muziki kimepita bila ya sauti yoyote ya muziki kusikika.

Makala haya yanamhusu mwanachuo anayeelekea kuanguka katika shimo lile lile. Historia ya muziki wa Ulaya ni ndefu, ina majina mengi ya kigeni, na shule nyingi za msingi hazina piano wala fidla. Ni rahisi basi kuigeuza mada hii kuwa orodha ya kukariri. Lakini iko njia nyingine, nayo ni kuifundisha kama historia ya tatizo moja ambalo mtoto wa miaka kumi na miwili anaweza kulielewa na hata kulijaribu kulitatua: Je, nitawezaje kumpelekea wimbo mtu ambaye hajapata kunisikia nikiimba?

Nimelichagua swali hili kwa sababu ndilo linaloutofautisha muziki huu na mingine mingi ya dunia. Si kweli kwamba Wazungu walikuwa na vipaji vya kuimba kupita watu wengine. Kilicho cha pekee ni kwamba kwa muda wa miaka elfu moja na zaidi waliendelea kubuni na kurekebisha maandishi ya sauti, na kila maandishi yalipobadilika, muziki wenyewe nao ulibadilika. Mwalimu akiushika uzi huu, majina na miaka vitajipanga vyenyewe.

Kabla ya maandishi

Katika karne za mwanzo za Kanisa la Magharibi, nyimbo za ibada ziliimbwa kwa sauti moja, bila ala, nazo zilihifadhiwa vichwani. Isidori, Askofu wa Seville aliyefariki mwaka 636, alisema wazi kwamba sauti zisipohifadhiwa katika kumbukumbu hupotea, kwa kuwa haziwezi kuandikwa. Nyimbo hizi huitwa za Gregori, kwa heshima ya Papa Gregori wa Kwanza aliyeongoza Kanisa toka 590 hadi 604. Mwanachuo asiseme darasani kwamba Gregori ndiye aliyezitunga. Wataalamu wa leo wanaona kwamba mkusanyo huo ulipata umbo lake baadaye, katika karne ya 8 na ya 9, wakati wafalme wa Wafaranki walipotaka makanisa yote ya milki yao yaimbe namna moja.

Hapo ndipo haja ya maandishi ilipozaliwa. Mfalme akitaka mji wa mbali uimbe kama Roma, atapeleka nini? Akipeleka mwimbaji, mwimbaji huyo hufa, au husahau, au hutia chumvi yake. Katika karne ya 9 waandishi wa monasteri walianza kuweka alama ndogo ndogo juu ya maneno: kistari cha kupanda, mkunjo wa kushuka, nukta. Alama hizi zilimkumbusha mwimbaji njia aliyokwisha kuijua. Zilimwambia apande, lakini hazikumwambia apande kiasi gani. Asiyeujua wimbo hakuweza kuupata humo.

Jambo hili usilieleze kwa maneno. Lifanye. Watoe nje wanafunzi wawili. Waliobaki watunge mahadhi mafupi ya silabi sita au saba, wayaimbe mpaka yakae, kisha wakubaliane jinsi ya kuyaandika ubaoni kwa alama zozote wanazozitaka wao, ila wasitumie solfa. Waite sasa wale wawili waimbe kutoka ubaoni. Nimelifanya jaribio hili mara nyingi na katika shule mbalimbali, na karibu kila mara ubao hujaa mawimbi na mishale ya kupanda na kushuka, yaani alama za karne ya 9, na karibu kila mara wale wawili huimba wimbo mwingine kabisa. Darasa litacheka. Acha licheke, kisha uliza: kumekosekana nini?

Mtawa wa Arezzo

Aliyelijibu swali hilo vizuri kupita wote ni mwalimu. Guido alizaliwa karibu na mwaka 991, akawa mtawa, na baadaye alifundisha waimbaji vijana katika kanisa kuu la mji wa Arezzo huko Italia. Kilichomuudhi ni kuona vijana wakipoteza miaka ya ujana wao kwa kukariri. Alidai kwamba waimbaji waliojifunza kwa miaka kumi bado hawakuweza kuimba kwa yakini hata wimbo mdogo wasioufahamu, na kwamba kwa njia yake mwimbaji angekamilika kwa mwaka mmoja au, kwa vyovyote, miwili. Katika miaka ya 1020 alitoa kitabu chake, Micrologus, ambacho kilinakiliwa na kusomwa kwa karne kadhaa.

Alifanya mambo mawili. La kwanza ni mistari. Alizipanga alama juu ya mistari na katikati ya mistari, akaupa mmoja rangi nyekundu na mwingine rangi ya manjano ili jicho litambue mara moja mahali pa sauti mbili maalumu. Sauti hizo mbili zilichaguliwa kwa makusudi, kwa kuwa chini ya kila moja ndipo palipo na hatua fupi, ile nusu hatua inayowasumbua waimbaji mpaka leo. Herufi zilizoandikwa mwanzoni mwa mistari hiyo ndizo zilizogeuka polepole kuwa alama za ufunguo tunazoziona katika vitabu vya muziki.

La pili ni silabi. Guido alitumia utenzi wa Kilatini wa kumsifu Mtakatifu Yohane Mbatizaji ambao kila kipande chake kilianza kwa sauti iliyo juu ya kile kilichotangulia. Silabi za mwanzo za vipande hivyo zilikuwa ut, re, mi, fa, sol, la. Mwanafunzi akiujua utenzi huo, alikuwa na ngazi nzima kichwani mwake. Akikutana na alama asiyoijua, alijiuliza tu inafanana na mwanzo wa kipande kipi. Silabi ya saba iliongezwa karne nyingi baadaye, na katika karne ya 17 Waitalia waliacha ut wakaona do ni rahisi zaidi kutamka.

Tazama ualimu uliomo hapa. Hakuanza na jambo geni. Alianza na wimbo ambao mtoto angeweza kuuimba, akautumia kama kipimo cha nyimbo zote asizozijua. Vitabu vingi huonyesha pia mkono wa kushoto wenye noti zilizogawanywa katika viungo vya vidole, na huuita mkono wa Guido. Mkono huo haumo katika maandishi yake yaliyobaki, lakini walimu wa muziki waliutumia kwa karne nyingi baada yake. Mwanachuo anayelalamika kwamba shule haina zana na autazame mkono wake mwenyewe.

Habari za mtawa huyu zilimfikia Papa Yohane wa 19, aliyetawala kati ya 1024 na 1032. Papa alimwita Roma, akakichukua kitabu cha nyimbo, na kwa maelezo ya Guido mwenyewe hakuondoka mahali pale mpaka alipoweza kuimba mstari mmoja ambao hajapata kuusikia.

Rudi sasa darasani. Chora mstari mmoja kwa chaki ya rangi kati ya mawimbi ya wanafunzi, na uwaambie kwamba mstari huo ni do. Wakiongeza wa pili na wa tatu, watoe nje wanafunzi wawili wengine. Tofauti utaisikia.

Sauti nyingi kwa pamoja

Sauti zilipokwisha kupata mahali pake pa kuandikwa, watungaji walithubutu kuzipandanisha. Kuimba kwa sauti zaidi ya moja kulikuwako Ulaya kabla ya Guido, kama kulivyokuwako na kunavyoendelea kuwako katika jamii nyingi za Afrika zisizoandika noti. Lakini sasa iliwezekana kupanga kila sauti kwa subira, kama fundi anavyopanga mbao kabla ya kugonga misumari. Mahali palipong'ara ni Paris, katika kanisa la Notre Dame lililoanza kujengwa mwaka 1163. Majina mawili yamebaki, Leonin na Perotin. Mnamo miaka ya 1190 mwishoni, Perotin alitunga nyimbo za sauti nne ambamo sauti moja hushikilia wimbo wa kale kwa noti ndefu mno, na nyingine tatu huchezacheza juu yake.

Sauti ile ya kushikilia iliitwa kwa neno la Kilatini lenye maana ya kushika. Ndilo hilo tena tunalolitumia katika kwaya zetu. Na wanafunzi wakikuuliza kwa nini alto ina jina lenye maana ya "juu" ilhali iko chini ya soprano, waambie kwamba jina hilo lilitolewa kwa sauti iliyokuwa juu ya tena, siku ambazo wanaume ndio waliokuwa wakiimba sauti hizo kanisani.

Hapo tatizo jipya likajitokeza. Watu wanaoimba sauti moja hufuatana kwa maneno na pumzi. Watu wanaoimba sauti nne tofauti hawana budi kujua kila noti inadumu kwa muda gani. Karibu na mwaka 1280 Franco wa Cologne aliandika kanuni kwamba umbo la noti lenyewe lionyeshe urefu wake. Tangu hapo muziki wa Ulaya ulikuwa na anwani mbili kwa kila noti, ya kimo na ya muda. Guillaume de Machaut, aliyefariki mwaka 1377, aliweza kutunga misa nzima ya sauti nne kama kazi ya mtu mmoja mwenye jina. Hili la jina tulitilie maanani. Maandishi yalimzaa mtungaji. Wimbo ambao zamani ulikuwa wa wote sasa ulikuwa na mwenyewe.

Mwaka 1501 Ottaviano Petrucci wa Venice alipiga chapa kitabu cha kwanza cha nyimbo za sauti nyingi kwa herufi za chuma, akiipitisha karatasi mashineni zaidi ya mara moja ili mistari na noti zikutane sawasawa. Walioimba kanisani, kama Palestrina aliyefariki mwaka 1594, na waumini wa Luther walioanza kuchapa vitabu vya nyimbo mwaka 1524, wote walinufaika na uvumbuzi huu. Karne ya 16 yote inaweza kupita darasani kwa kipindi kimoja.

Kanisa, bwana na tikiti

Mwalimu wa darasa la sita hana haja ya kueleza mitindo ya karne ya 17 na ya 18 kwa undani. Swali litakalowachangamsha watoto ni jingine: nani aliyemlipa mwanamuziki? Hapo kwanza alilipwa na Kanisa. Kisha mabwana wakubwa walitaka burudani zao. Opera, yaani mchezo wa kuigiza unaoimbwa, ilianza katika miji ya Italia karibu na mwaka 1600, na Orfeo ya Claudio Monteverdi ilionyeshwa mwaka 1607 mbele ya watu wa jumba la mtawala wa Mantua. Miaka 30 tu baadaye, mwaka 1637, Venice ilifungua jumba la opera ambalo mtu yeyote mwenye fedha ya tikiti angeweza kuingia. Mji huo huo ulikuwa na makao ya wasichana yatima ambako Antonio Vivaldi alianza kufundisha fidla mwaka 1703, na wageni kutoka nchi nyingi walikwenda kuwasikiliza wasichana hao wakipiga ala zao.

Johann Sebastian Bach ni mtu ninayependa sana kuwaeleza wanachuo, kwa kuwa kazi yake ilikuwa kama yetu. Alizaliwa mwaka 1685 huko Eisenach, Ujerumani, akawa yatima kabla ya kutimiza miaka kumi na mmoja. Alipokuwa na miaka 20 aliomba ruhusa ya wiki nne akaenda kwa miguu kutoka Arnstadt hadi Lübeck, mwendo wa kilomita 400 hivi, kumsikiliza mpiga kinanda Buxtehude. Alirudi baada ya miezi minne, na wakuu wake walimkemea. Mwaka 1723 aliajiriwa Leipzig kufundisha wavulana wa shule ya Mtakatifu Thomas na kusimamia muziki wa makanisa ya mji. Baraza la mji lilikuwa limewataka wengine kwanza, Telemann kisha Graupner. Hesabu basi wiki yake katika miaka ya mwanzo: kutunga kazi mpya ya waimbaji na ala, kuwasimamia wanafunzi na jamaa wakinakili karatasi ya kila mwimbaji kwa mkono, kufanya mazoezi na wavulana wasiokuwa wote hodari, na kuiimba Jumapili. Jumapili ikiisha, nyingine imekaribia. Kazi za namna hiyo zipatazo 200 zimebaki. Alitakiwa pia afundishe Kilatini, akaona afadhali amlipe mwenzake amfanyie.

Mwaka 1722 alikamilisha kitabu cha vipande vya kinanda, jozi moja kwa kila ngazi, 24 kwa jumla, kwa ajili ya vijana wanaotaka kujifunza. Humo mna mtindo ambao sauti moja hutangulia na mahadhi yake, ya pili huyaingia nyuma yake, kisha ya tatu, zikikimbizana pasipo kugongana. Mtindo huu unaonjeka darasani bila kinanda. Chukua wimbo wowote wa kupokezana ambao kundi la pili huanza wakati la kwanza limefika mstari wa pili, na uligawe darasa mara tatu. Ndilo jibu nililopaswa kumpa yule msichana.

Bach alifariki mwaka 1750, na kwa miaka mingi kazi zake kubwa hazikusikika hadharani. Kwa kuwa ziliandikwa, hazikufa. Mwaka 1829 Felix Mendelssohn, kijana wa miaka 20, aliongoza Berlin kazi yake kuu ya Mateso kwa mujibu wa Mathayo, na Ulaya ikaanza kumgundua upya.

Joseph Haydn alitumikia ukoo wa Esterházy tangu mwaka 1761 kwa muda wa karibu miaka 30. Mtoto asiyejali simfonia atajali kisa cha mwaka 1772. Bwana wao alikuwa amechelewa kurudi kutoka jumba lake la kiangazi huko Hungaria, na wapigaji, ambao wengi hawakuruhusiwa kuwa na familia zao pale, walichoka. Haydn hakuandika barua ya malalamiko. Alitunga simfonia ambayo mwishoni mwake wapigaji humaliza mmoja baada ya mwingine, huzima mshumaa, huondoka; mpaka hubaki fidla mbili tu, zikipiga kwa sauti ndogo. Inasimuliwa kwamba bwana alielewa, na kesho yake safari ya kurudi ilianza. Wape wanafunzi kumi mahadhi ya kuvumisha kwa midomo iliyofungwa, wapange wanyamaze kwa zamu na kwenda kuketi, na uwaachie wawili wa mwisho. Darasa langu moja lilikaa kimya baada ya hapo kwa muda ambao sikuthubutu kuuvunja.

Mozart aliishi miaka 35 tu, toka 1756 hadi 1791, na alijaribu kuishi Vienna bila bwana wa kudumu. Beethoven, aliyezaliwa mwaka 1770, alifanikiwa zaidi katika hilo. Mwaka 1803 alipiga sonata mpya pamoja na mpiga fidla George Bridgetower, ambaye baba yake alikuwa na asili ya Afrika; kazi hiyo awali ilikuwa ya kumheshimu Bridgetower, lakini waligombana, ikapewa jina la Kreutzer, mtu ambaye hakuipiga kamwe. Kabla ya hapo Paris ilikuwa imemjua Joseph Bologne, aliyezaliwa Guadeloupe mwaka 1745 na mama mtumwa mwenye asili ya Afrika, naye aliongoza okestra iliyopiga kwa mara ya kwanza simfonia sita ambazo Haydn aliagizwa kuziandikia mji huo. Watu hawa wawili waliachwa nje ya vitabu vya shule kwa muda mrefu.

Masikio ya Beethoven yalianza kuharibika kabla hajafikia miaka 30. Simfonia yake ya tisa ilipopigwa Vienna tarehe 7 Mei 1824, alikuwa kiziwi, na mwimbaji mmoja ilibidi amgeuze awaone watu wakishangilia. Hapa uzi wetu unafika mahali pa ajabu: mtu asiyesikia amewapelekea watu wimbo ambao hata yeye hajapata kuusikia. Mahadhi makuu ya sehemu ya mwisho yanakaa karibu yote ndani ya noti tano zilizo jirani, do hadi so, isipokuwa so moja ya chini. Darasa la nne wanaweza kuyaimba kwa solfa katika kipindi kimoja. Tangu 1985 ndiyo mahadhi ya wimbo rasmi wa Jumuiya ya Ulaya, ambayo leo ni Umoja wa Ulaya.

Karne ya 19 baada yake ina mengi: Schubert na nyimbo zake zaidi ya 600, Chopin na piano, Verdi na Wagner katika opera, na Samuel Coleridge-Taylor, mtoto wa daktari wa Sierra Leone, aliyepata sifa kubwa Uingereza mwaka 1898. Okestra ziliongezeka ukubwa na maandishi yakazidi kuwa na maagizo. Kwa shule ya msingi inatosha kusikiliza vipande viwili kwa simu ya mwalimu iliyowekwa ndani ya sufuria tupu ili sauti ikue.

Solfa ilivyofika kwetu

Wakati huo huo, mbali na majumba ya opera, walimu wengine walikuwa wakimrudia Guido. Sarah Glover wa Norwich, Uingereza, alitaka watoto wa kawaida waweze kusoma muziki bila kununua vitabu vya gharama. Aliandika silabi kwa herufi zake za kwanza, na kwa kuwa so na si zote zilianza kwa herufi moja, si akaigeuza ti. Katika miaka ya 1840 mchungaji John Curwen aliichukua njia hiyo, akaiboresha, akaongeza baadaye ishara za mikono, na kuieneza. Wapiga chapa hawakuhitaji noti za pekee, kwani herufi za gazeti zilitosha:

| d :d | r :m | s :– | m :– ||

Kistari kirefu hutangulia pigo zito, nukta mbili hutenga mapigo, na kistari cha kulala huiendeleza noti. Wamisionari waliibeba njia hii hadi Afrika. Huko Afrika Kusini mwaka 1897 Enoch Sontonga, mwalimu na mwongoza kwaya, alitunga kwa solfa wimbo ambao mahadhi yake tunayaimba Tanzania katika Mungu Ibariki Afrika. Naye Zoltán Kodály wa Hungaria, aliyezunguka vijijini tangu 1905 akikusanya nyimbo za wakulima, alizitumia silabi na ishara za mikono za Curwen katika kufundishia watoto nyimbo za kwao wenyewe.

Hapa mwanachuo ajihadhari. Ngazi ya noti ikichorwa ubaoni, na historia ikasimuliwa tangu Guido hadi Beethoven, mtoto anaweza kudhani kwamba muziki wote duniani unapanda ngazi hiyo moja, na kwamba bibi yake yuko kwenye kidato cha chini. Wazungu wenyewe walilitambua kosa hilo. Debussy alisikia muziki wa Java katika maonyesho ya Paris ya 1889 na masikio yake hayakuwa tena kama zamani. Schoenberg, katika miaka ya 1920, aliivunja ngazi akaupa kila mmoja wa milio 12 haki sawa. Na tangu Edison alipobuni mashine ya kunasa sauti mwaka 1877, jibu la swali letu halikuwa karatasi pekee.

Zaidi ya hayo, maandishi haya yana mapungufu yanayoonekana kwetu upesi. Baadhi ya milio ya taarabu hukaa katikati ya noti mbili za solfa na haina herufi. Ngoma tatu zinazopishana mapigo zikiandikwa kwa mistari ya pigo zito, huonekana kama fujo, ilhali wachezaji hawana shaka hata kidogo pa kukanyaga. Kiswahili nacho hukaza silabi ya pili toka mwisho. Nyimbo nyingi zilizotafsiriwa zimeliangusha pigo zito juu ya silabi ya mwisho, na watoto hukua wakidhani ndivyo neno litamkwavyo kanisani. Wimbo wa taifa wa Kenya wa mwaka 1963, uliotokana na wimbo wa kumbembelezea mtoto wa Wapokomo na kupangiwa sauti nyingi, ni mfano mzuri wa kuonyesha kitu kilichotoka upande mmoja na kitu kilichotoka upande mwingine. Wakenya walio chuoni wataufurahia.

Kwa hiyo kipindi cha mwisho cha mada hii mimi hukifanya hivi. Kila mwanafunzi hutumwa nyumbani kumwomba mzee mmoja amwimbie wimbo, ajifunze, na siku ya pili kikundi kijaribu kuuandika kwa solfa. Chini ya maandishi waorodheshe yote ambayo maandishi yameshindwa kuyachukua: mkokoto wa sauti, makofi, kigelegele, mahali pa kuitikia. Orodha hizo nimezihifadhi, na nyingine ni ndefu kuliko nyimbo zenyewe.

Na mtihani usiulize Bach alizaliwa lini. Mpe mwanafunzi kipande cha solfa cha mapigo manane ambacho hajapata kukisikia, mpe dakika tano peke yake chini ya mti, kisha aje aimbe. Papa Yohane wa 19 alipimwa vivyo hivyo.